Usimtue Mtu Jioni

Nilipokuwa na umri wa kutumwa dukani lakini si wa kuvuka mpaka peke yangu, nyumbani kwetu Gisenyi kulikuwa na makatazo mengi, na karibu yote niliyavunja. Kupiga mluzi gizani, kukalia kinu, kufagia jua likishazama: nilifanya yote hayo makusudi, nikangoja, sikuona kitu. Moja tu ndilo sikuthubutu. Jioni ikiingia, usimtue mzigo mtu usiyemjua.

Kwa mtoto wa kwetu hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Tuliishi juu kidogo ya Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa kwenda Goma, na njia ya mbele ya nyumba ilijaa watu wenye mizigo kichwani tangu alfajiri: maharage, viazi, parachichi, mikungu ya ndizi. Mtu akisimama kwako akasema "nitue", unainuka, unashika upande mmoja, anainama, mzigo unafika chini, anashukuru na kupumua. Hakuna anayeulizana jina. Kumkatalia ni kukosa adabu kabisa. Lakini bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Nyogokuru, alisema ugonjwa nao hutembea hivyo hivyo. Huchoka kubeba. Jua likizama huvaa mwili wa mwanamke, hujitwika furushi, hupita nyumba hadi nyumba ukiomba kutuliwa. Anayeutua, mzigo unakuwa wake.

"Nitamujua namna gani?" nilimwuliza.

"Macho," alisema. "Macho yake itakuwa inakuangalia sana."

Jibu hilo lilininyima usingizi, kwa sababu nilipofikiri vizuri niliona kwamba watu wazima wote walikuwa wakiniangalia sana.

Nyogokuru alijiona ana haki ya kusema. Uso wake ulikuwa umejaa vishimo vya ndui, ambayo kwa Kinyarwanda tunaiita ubushita. Ilimpata akiwa msichana kwao Kanama, milimani, na watu wa nyumbani wakamhamishia kwenye kibanda chini ya migomba. Aliyemuuguza ni mwanamke mwingine mwenye makovu, maana ilijulikana kwamba aliyekwisha kutembelewa hatembelewi tena. Alipona. Tulipomtania juu ya mashavu yake alijigusa kwa fahari na kusema hiyo ni mihuri ya mpakani, yeye alishavuka. Ugonjwa wenyewe hakuutaja kwa jina. Alisema tu "mugeni".

Mwishoni mwa miaka ya tisini ikaja homa kutoka ng'ambo. Nasema homa kwa kuwa sina jina jingine. Wauguzi nao hawakuwa nalo, au hawakutuambia. Tulichosikia ni kwamba inaanza na kichwa na mgongo, macho yanakuwa mekundu, mtu anatapika, na wanaomwosha wanamfuata. Petite Barrière pakawekwa meza, mabeseni ya maji ya klorini, na wauguzi waliomwuliza kila mchuuzi kama nyumbani kwake kuna mgonjwa. Nyuma ya hospitali likapigwa hema jeupe. Ikasemwa kwamba anayeingia humo harudi, na kwamba ile dawa ya kunyunyiza ndiyo inayoleta homa. Miaka ile watu wetu walikuwa wameona wengi wakipandishwa magari na wasirudi, kwa hiyo hawakuhitaji kushawishiwa. Ukiulizwa ulisema hapana, ukatumbukiza mikono, ukapita.

Mama naye alipita hivyo kila siku na kapu lake la parachichi, mdogo wangu Aimable mgongoni, bado ananyonya.

Jioni yenyewe upepo wa ziwani ulikuwa umelala. Tulikuwa uani tukichambua maharage, Mama, Nyogokuru na mimi. Nikainua kichwa, na mwanamke alikuwa amesimama penye uwazi wa ukuta, pale pa kuingilia. Sikumsikia akija, na njia yetu ni ya mawe meusi ya volkano, hata kuku akipita utamsikia. Alijifunika kitenge hadi kidevuni. Kichwani alikuwa na furushi lililofungwa kwa kitenge cha manjano. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yananiangalia sana.

"Munitue," alisema.

Nilijisogeza nyuma ya Nyogokuru.

"Zawadi?" Mama alisema. "Ni we?"

Ndipo nilipomtambua. Alikuwa Mama mdogo Zawadi, mdogo wake Mama, aliyeolewa na Mwislamu wa Goma, yule aliyetuletea biskuti kila Idi na kutukaripia tukizimaliza siku hiyo hiyo. Mama alikuwa ameshainuka, mikono ameinyoosha, Aimable akichungulia begani kwake.

"Kaa!" Sikuwahi kumsikia Nyogokuru akipaza sauti namna ile. "We uko na mutoto wa kunyonya. Kaa chini."

"Mama, huyu ni mutoto wako!"

"Ndiyo. Ni mutoto wangu. Ni mi nitamutua."

Akainuka akishikilia magoti, akapita katikati yetu. Alijigusa shavu. "Mi walishanipigia muhuri," alisema, na nadhani alikuwa anajaribu kutuchekesha. Kisha akalishika furushi kwa mikono miwili na kulishusha. Nilimwona akiyumba. Lilikuwa zito kuliko alivyotazamia.

Chini ya migomba tulikuwa na kibanda cha kuwekea viazi. Nyogokuru akampeleka mwanawe huko, furushi kwapani, akavunja tawi la umuko, mti wa maua mekundu ambao kwetu haukatwi ovyo, akalilaza kwenye njia nyuma yake. Sisi hatukuruhusiwa kupita hapo. Mama aliweka chakula juu ya jiwe, akarudi uani, ndipo Nyogokuru akatoka kukichukua. Kila jioni aligonga sahani kwa kijiko ili tujue yupo. Mama akiisikia alifanya ishara ya msalaba na kuendelea na kazi. Asubuhi alikwenda mpakani, akaulizwa mezani, akasema hapana.

Mimi nilikaa karibu na lile tawi kila nilipopata nafasi. Nyogokuru alikuwa ameshamwambia Mama, kwa mbali, kwamba koo la Zawadi limefunga na sauti imekwisha kabisa. Hata hivyo nilimsikia akizungumza humo ndani, kwa heshima, vile mtu anavyozungumza na mgeni asiyempenda.

"Karibu. Pumzika. Lakini usizoee," alisema. "Huku haiko kitu, iko viazi na muzee tu."

Akanyamaza kidogo.

"Hapana. Ule wa kunyonya hapana."

Akanyamaza tena.

"Hata ule musichana. Hapana, nimesema." Halafu, baada ya kimya kirefu zaidi: "Bon, haya. Tutaona."

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, najua homa humfanya mtu aseme peke yake. Lakini vile vimya vilikuwa na urefu wa jibu.

Jioni moja sahani haikulia. Tulingoja uani mpaka hatukuonana nyuso. Mama akaita. Migomba ikatikisika kidogo, basi.

Kesho yake alinichukua mpakani, kwa kuwa hakutaka kuniacha karibu na lile tawi. Mezani alikuwapo muuguzi kijana, mmoja wa wale waliokulia Tanzania na kurudi, mwenye Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi watoto tulikuwa tukikiigiza na kucheka.

"Habari za nyumbani, mama? Kuna mgonjwa yeyote?"

Mama alitumbukiza mikono kwenye beseni na hakuitoa.

"Iko," alisema. "Kwetu iko mugonjwa. Labda iko wawili."

Watu wote nyuma yetu walirudi nyuma kwa pamoja. Nilihisi upepo mgongoni, pale walipokuwa wamesimama. Muuguzi hakurudi nyuma. Alimshukuru Mama kama aliyepewa kitu, kisha akachuchumaa mbele yangu bila kunigusa. "Watakuja watu wamevaa nguo nyeupe mwili mzima," alisema. "Nyuso hutaziona. Mmoja wao ni mimi. Nitakupungia mkono ili unijue."

Nilikuwa nimeambiwa, na bado walipoingia uani nilijikojolea. Hawakuwa na nyuso. Pumzi zao zilisikika, nyayo zao hazikusikika. Jirani yetu alifunga dirisha akilia kwamba abazimu, mizimu ya wafu, sasa wanatembea mchana. Kisha mmoja wao akainua mkono na kunipungia, na hilo lilinitisha zaidi, nikaacha kuangalia.

Alifika kwenye tawi la umuko na kusimama. Hakulivuka.

"Bibi, hodi," aliita.

Nyogokuru akatokea mlangoni pa kibanda. Alikuwa hai. Alishikilia mhimili, na hata kutoka uani niliona macho yake yalivyokuwa mekundu.

"Muchukue mutoto wangu, anaanza kupata nguvu," alisema. "Mi sina shida. Mi nilishapata ubushita. Mugeni ananijua, anapita."

"Bibi," muuguzi alisema polepole, "yule wa zamani alikujua. Huyu ni mwingine. Huyu hakujui."

Nyogokuru alipeleka mkono shavuni, akaanza kupapasa vile vishimo kwa vidole, kama anayehakikisha kwamba bado vipo. Hakubisha. Nilitamani abishe.

"Aa," alisema mwishowe. "Ndiyo maana nikimwambia hasikii."

Kisha: "Toa tawi, mwana wangu. Ingia."

Walimtoa Zawadi kwa machela. Nyogokuru alikataa machela. Aliingia ndani, akatoka na furushi kichwani, limefungwa kwa kitenge cha manjano. Wawili wa wale wa nguo nyeupe walinyoosha mikono wampokee.

"Asinitue mutu," alisema.

Wakashusha mikono. Alipanda njia yote ya migombani peke yake, akapita uani, akatoka penye uwazi wa ukuta hadi kwenye gari. Mama alilia akimwita, naye hakugeuka. Mimi pia nilimwita. Alipita karibu kiasi cha kuniona vizuri, na hakunitazama.

Alifariki hemani. Zawadi alipona. Walinyunyiza nyumba yetu, wakachoma kibanda na kila kilichokuwemo, na kwa wiki kadhaa muuguzi alikuja kila asubuhi kutupima joto na kuuliza juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyeugua tena, si Mama, si Aimable, si mimi. Nyogokuru alizikwa na watu wa nguo nyeupe, nasi tukasimama mbali. Kwetu watu wakitoka kuzika hunawa mikono nyumbani kwa marehemu kabla ya lolote, na Mama aliona aibu kwamba hakuna atakayekuja kunawa kwetu. Muuguzi alipoelewa, alileta beseni la klorini na kulitenga penye uwazi wa ukuta. Tukanawa. Baada ya muda mrefu akaja yule jirani aliyefunga dirisha, akakunja mikono ya nguo, akanawa. Wakaja na wengine. Mpaka leo harufu ya klorini kwangu ni harufu ya msiba, na pia ya watu kurudi.

Mama mdogo Zawadi aliporudi kutoka hemani, amekonda, nywele zimenyolewa, Mama alimwuliza ndani ya lile furushi mlikuwa na nini.

"Furushi gani?"

"Ile ulikuya nayo. Ile Mama alikutua."

"Dada, mi nilitoka Goma mikono mitupu," alisema. "Bwana alikuwa amekufa, nikakimbia. Sikubeba kitu. Na sikumwambia mutu anitue."

Muuguzi alisema homa ile hufuta kumbukumbu, nami nimelikubali hilo. Nilimwuliza kama aliliona furushi la manjano likiingia garini. Alisema alikuwa ameshika machela, hakuangalia.

Bado ninavuka mpaka ule. Homa nyingine zimekuja na kwenda, nyingine zikiwa na majina, na siku hizi hupimwa kwenye paji la uso kwa kitu kama bastola ndogo. Wanangu nimewafundisha nilichojifunza kwa muuguzi: nawa, usimguse mgonjwa, na ukiulizwa kama nyumbani kuna mgonjwa, sema kweli. Habari ya mwanamke wa jioni sijawaambia. Ila mtu asiyejulikana akisimama mlangoni jua likizama na kusema "nitue", huwaambia wakae, nainuka mwenyewe.

Nyogokuru alikosea juu ya mashavu yake, na kosa hilo lilimwua. Kama angejua, sidhani angebaki amekaa. Hilo nilishalisamehe zamani. Kilichoniuma kwa miaka ni kule kunipita bila kunitazama, mjukuu wake aliyelala ubavuni pake tangu azaliwe. Mwaka jana nilimwambia Mama, ambaye sasa ni mzee na hapendi kuzungumza juu ya siku ile. Alishangaa kwamba sikujua. Yeye alisimama karibu zaidi na njia, aliuona uso wa mama yake.

Njia ile ni ya kupanda, ina mawe, na alikuwa na homa na mzigo kichwani. Aliipita yote amefumba macho, asije akamwangalia mtu.