Ufunguo Shingoni kwa Aminiel

Aminiel Sumari alikuwa hamwamini mtu. Pale soko la Kilombero, Arusha, kwenye meza yake ya mitumba, noti aliinyanyua juani, akaigeuza, akainyanyua tena. Wenzake wakawa wanasema, "Huyu hata kivuli chake anakikagua." Na zama zile za ruksa, biashara zilipoachiwa huria, alikuwa na sababu: kila kichochoro kimefunguliwa duka la dawa, na mwenye duka jana alikuwa anauza viatu.

Shida ni kwamba mwenyewe alikuwa anaishi kwa dawa. Utotoni aliugua koo, ugonjwa ukashuka kwenye viungo, mwisho ukamkaza mlango mmoja wa moyo. Damu ikawa inatuama humo ndani. Asubuhi moja mdomo ukamwenda upande, kikombe kikamponyoka. Nusu saa baadaye akarudi sawa. Hospitali wakamwambia kibonge cha damu kimepita kichwani, safari hii kimemwonea huruma. Wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande, na kila mwezi aende kupimwa.

Kila mwezi jibu likawa baya. Damu inaganda upesi, utadhani hajameza kitu.

"Baba Lilian," nesi Violet akamuuliza, "dawa unameza, au unawapa kuku?"

Alikuwa anameza. Ndiyo maana akaanza kutafuta mchawi. Kwanza akashuku duka. Akahamia lingine, jibu lile lile. Akashuku hospitali, labda damu yake wanaiuza. Violet naye alikuwa hamwamini, akamlaza wiki nzima ameze mbele ya macho yake, vidonge vile vile alivyokuja navyo. Siku ya saba jibu likawa zuri.

Aminiel akalala pale wodini anawaza. Dawa haina kasoro. Hospitali hawana kasoro. Imebaki nyumbani, Nduruma, na nyumbani anayeingia chumbani kwake ni mmoja tu: Penina, mkewe.

Aliporudi akanunua kisanduku cha bati na kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Penina akautazama.

"Hiyo rozari umeanza lini? Sisi si Walutheri?"

Aminiel akauingiza ndani ya shati. Mwezi ukaisha, jibu likawa baya tena, na kufuli halijaguswa. Akamburuza mkewe mpaka kwa Violet.

"Sista, huyu ananiwekea kitu."

Violet akamgeukia Penina, akamuuliza huwa anampikia nini.

"Mboga ya mnafu. Wiki ya kuja kwenu namjazia chungu kizima, asubuhi na jioni. Nyie mnamchota damu kila mwezi, nani anamrudishia? Mnataka aje hapa mkavu?"

Violet akaweka kalamu chini. "Mama Lilian, mnafu unaisaidia damu kuganda. Dawa inavuta huku, wewe unavuta kule." Akawaambia mboga asiache; ale upawa mmoja kila siku, wiki ya kupimwa na isiyo ya kupimwa, usizidi wala usipungue, ili dawa ipangwe kwa kipimo hicho.

Wakashika njia ya nyumbani.

"Kwa hiyo ulidhani nakuua," Penina akasema.

Aminiel akavua ufunguo, akampa.

Mwezi uliofuata jibu lilikuwa zuri. Sasa Penina ndiye anayemtolea kidonge jioni, na pembeni ya ugali upawa mmoja wa mnafu. Aminiel anakula. Mkewe akitoka kuosha vyombo, anakivuta kisanduku, siku hizi hakifungwi, anavihesabu vidonge. Vinakuwa kamili. Anavihesabu tena.