Kioo cha Pili

Pale Kaloleni, chini ya mlima Meru, miaka ile ya Mwingereza, asiyemjua Elinami mpiga picha basi alikuwa mgeni wa juzi. Ufundi alirudi nao kutoka vitani, na watu wakasema ana dawa. Dawa gani? Alikuwa na subira tu. Wapiga picha wengine walipompiga bibi arusi kwenye jua la saa sita, gauni lilitoka vizuri, lakini uso ukawa doa jeusi lisilo na macho wala pua. Wakijaribu kuuokoa uso, gauni na mlima vinayeyuka kuwa weupe mtupu. Elinami alipiga mara mbili, mtu akiwa amesimama vilevile. Siku zile picha ilinaswa kwenye kioo ndani ya kamera; kioo cha kwanza alikifungua upesi na kukifunga, kishike gauni na mawingu ya Meru. Cha pili alikiacha wazi zaidi, mwanga uingie mpaka usoni. Kisha, katika chumba chake cha giza, alivichapa vyote viwili juu ya karatasi moja, akikinga mwanga kwa kiganja huku na huku. Ukiitazama picha yake unaona kila kitu, kama jicho lilivyokiona.

Nyumbani kwake, lakini, hapakuwa na picha hata moja. Mfinyanzi hulia gaeni.

Binti yake mkubwa, Lydia, alipoolewa Oldonyo Sambu, Elinami alimpiga mwenyewe, mlangoni pa kanisa. Kioo cha kwanza kikaenda salama. Akabadilisha kioo, akasema, "Inua uso, mama. Usitikisike."

Lakini kwao bibi arusi anayetoka nyumbani hainui uso. Akiinua, watasema alikuwa na haraka ya kuondoka. Lydia akazidi kuinama, machozi yakimtoka, na mashangazi wakamdaka mikono. "Mwache mtoto, Elinami! Wenye mke wanangoja!"

Elinami akafunika kamera yake. "Basi, nitakupiga siku ukija kututembelea," akamwambia.

Hakuja. Uzazi wa kwanza ulimchukua yeye na mtoto wake, wakazikwa hukohuko upande wa pili wa mlima.

Matanga yalipokwisha, Anande, mkewe, aliomba kitu kimoja tu. "Baba Lydia, nipe uso wa mwanangu. Naanza kuusahau."

Elinami akajifungia na kile kioo kimoja. Alichapa, akakinga, akachapa tena. Gauni lilikuwepo, kila ua la lesi. Mlima ulikuwepo. Mahali pa uso palikuwa na weusi. Mwanga ambao haukuingia siku ile hauingii leo, hata fundi awe nani. Alilia humo ndani kwa sauti, mtu mzima na mvi zake.

Ndipo shetani wa ufundi akamnong'oneza. Hanna, mdogo wake Lydia, alifanana naye sana. Elinami akamvika shela, akampeleka palepale mlangoni pa kanisa, kwenye jua lilelile.

"Baba, hii ni picha ya nini?"

"Simama tu, mama. Inua uso."

Akaviunganisha vioo viwili, cha Lydia na cha Hanna. Maisha yake yote hakuwahi kuchapa picha safi kama ile, mshono huuoni. Akaitundika ukutani. Jirani yao Skolastika alipoingia alipiga yowe, "Jamani, Lydia mwenyewe!"

Anande akaisogelea. Akaitazama, kisha akashika ukuta.

"Baba Lydia, huyu ni Hanna."

"Wanafanana, mke wangu. Nilitaka tu..."

"Mmoja nimeshamzika. Huyu wa pili ni mzima, mbona unamvika nguo za marehemu?"

Hanna alikuwa mlangoni na debe lake la maji. Alilitua, akajigusa uso kwa mikono miwili, akatoka nje.

Elinami akaitoa picha ile, wala sijui aliipeleka wapi. Mahali pake akatundika ya kioo kimoja. Tangu siku hiyo kila bibi arusi alimpiga uso kwanza, gauni baadaye, na mashangazi wakipiga kelele, yeye alipiga kelele kuwashinda.

Kila asubuhi Anande alifuta vumbi la picha kwa ncha ya khanga. Gauni alilipitia mara moja tu, na mlima vivyo hivyo. Pale penye weusi alifuta, akafuta, akafuta, mpaka Elinami akainuka na kwenda kukaa nje.