Joto la Bure la Ridhwani

Ridhwani hakujua kutulia. Nyumbani kwake Kamembe, mkewe alimfunikia chai kwa kisahani, maana angeinuka mara tatu kabla ya kuimaliza. Na kilichomkosesha raha kuliko vyote ni ekzosi ya mashine ya kukoboa mpunga aliyoitunza kule Bugarama. Dizeli inanunuliwa, halafu joto lote linatoka juu ya paa, linakwenda kumpasha nani?

Basi akaizungushia ekzosi bomba la shaba, akaliunganisha na pipa la maji. Maji yakageuka mvuke, mvuke ukapita kwenye mabomba chini ya mabati, na juu ya mabati mpunga ukakauka huku nje mvua inamwagika. Alijaribu siku mbili, mambo safi. Ndipo Véronique, mjane mwenye shamba bondeni, akaleta magunia kumi na mawili yaliyoloa, mavuno yake yote. Mpunga mbichi hausubiri, huota ndani ya gunia.

"Maman, usiogope," Ridhwani akamwambia. "Siku tatu itakuwa mukavu yote."

Angeishia hapo! Lakini usingizi ulimruka kwa wazo moja: kwa nini kuchemsha maji baridi, na chemchemi ya Mashyuza inatoa maji ya moto bure? Asubuhi akafunga madumu kwenye baiskeli, akarudi anapiga mluzi.

Magunia sita yalikauka vizuri. Kesho yake mchana mvuke ukapungua, kisha ukakata. Ridhwani akakaza nati, akagonga bomba, akabadili mpira, akazunguka mashine mara ishirini. Véronique alipouliza, akamjibu ni jambo dogo. Siku hiyo ikapita, na nusu ya iliyofuata. Mwishowe akalikata bomba. Ndani lilikuwa jeupe tupu, tundu lake halipitishi hata sindano.

Véronique akalitazama. "Uliweka maji ya wapi?"

"Ya Mashyuza. Ilikuwa tayari moto."

"Papa Ridhwani, hapa hakuna mwanamuke anapikaka na ile maji. Inaachaka chokaa mu sufuria. Ulipita kwa mulango yangu na madumu, ukanisalimia. Ungeniuliza tu."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Véronique akaenda kwa majirani, akarudi na ndimu kwenye kitenge. Wakakamua, wakamimina ndani ya bomba, povu likafoka, chokaa ikaanza kubanduka. Jioni Ridhwani akaliunga bomba na kujaza pipa maji ya mvua. Wakati huo Véronique alikuwa akifungua magunia sita yaliyobaki, moja moja, anatia mkono mpaka chini. Manne yalitoka na punje zenye vichipukizi vyeupe.

"Nitakulipa, Maman," alisema Ridhwani.

"Ile gunia ine ilikuwa ya kula na batoto mpaka msimu ingine," Véronique akajibu, akifunga gunia la mwisho. "Washa mashine. Bado mbili."