Salamu Nyuma ya Wavu

Mwalimu Theodora wa sekondari ya kata, kule Ihanja, alikuwa na sheria moja uwanjani, na aliirudia mpaka wasichana wake wakaichoka: ukiwa nyuma ya wavu, hutoki mpaka mpira usimame. Hata aje nani. Wasichana walizoea kumwigiza, mikono kiunoni, wakicheka. Aliyekuja kuivunja sheria hiyo ni yeye mwenyewe, na ikamgharimu jicho la kushoto.

Mchezo wenyewe ni sofboli. Wengi wa Ihanja hawaujui, na mimi siwalaumu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na wazazi waliposikia neno gongo ilibidi waelezwe kwamba si lile la kunywa. Mpira ni mgumu. Ukipigwa na msichana aliyelelewa na jembe, unarudi ulikotoka kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kuinama. Kwenye mazoezi mrushaji husimama karibu, kwa hiyo Theodora alipeleka kitanda kibovu cha chuma kwa fundi wa kuchomelea pale Ikungi, akatengenezewa fremu ndefu kama mlango, upande mmoja imeachwa nafasi ya kupitisha mkono. Akaifunga wavu wa goli la zamani, ameukunja mara mbili. Unarusha, unarudi nyuma ya wavu, basi.

Alikuwa mjane. Mumewe, Gerald, alifariki ndoa ikiwa na miaka minne, na mashemeji walitaka arudi kwao kabla hata matanga hayajaanuliwa. Aliyesimama kidete ni baba mkwe wake, Mzee Alute wa Sepuka. "Huyu ni mwanangu," aliuambia ukoo mzima. "Anayetaka aondoke, aanze kunitoa mimi." Tangu hapo kila Alhamisi alipanda baiskeli mpaka shuleni kumjulia hali, na chupa ya asali imefungwa nyuma. Theodora alimpenda mzee yule kuliko hata baba yake mzazi, na hakuona haya kulisema.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano aliyekuwa ameshika gongo ni Witness, binti wa kidato cha tatu, mpigaji hodari kuliko wote. Theodora aliachia mpira, na hapohapo akamwona mzee pembeni ya uwanja, anaegesha baiskeli. Sasa, mkwe hasalimiwi kupitia matundu ya wavu kama kuku aliye bandani. Unatoka, unapiga goti, unaamkia. Magoti ya Theodora yalilijua hilo kabla kichwa hakijaikumbuka sheria. Akatoka hatua moja.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuwahi kuitikia; mpira wa Witness ulikuwa umeshafika.

Waliokwenda kumpa pole hospitalini walisema ajali haina kinga. Ya Theodora ilikuwa na kinga, tena aliichomelesha mwenyewe. Ilikuwa hatua moja kutoka pale alipopigia goti.

Alirudi shuleni mwezi wa nane akiwa na miwani nyeusi. Jicho alishalililia akanyamaza. Kilichomtafuna sasa ni Witness. Binti alikuja mazoezini kila siku, akashika gongo, na mpira ulipomfikia aliugusa tu, ukadondoka miguuni pake. Zilibaki wiki tatu kabla ya mashindano ya kanda Dodoma, ambako shule moja ya bweni ingechagua wasichana wa kuwasomesha. Baba yake alishatamka kwamba akikosa nafasi hiyo masomo yamekwisha, kuna mashamba.

"Piga, Witness. Niko nyuma ya wavu."

"Hata siku ile ulikuwa nyuma ya wavu, mwalimu."

"Sitatoka tena."

"Babu akija utatoka," alisema Witness, akitazama chini.

Theodora alijua ni kweli.

Jumapili alikwenda Sepuka, akaketi mbele ya mzee, akazunguka weee na habari za mvua na alizeti, mwishowe akasema. "Baba, naomba uje Alhamisi usimame palepale. Na mimi sitakuamkia mpaka mpira wa mwisho. Yule mtoto aone."

Mzee aliuliza, "Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, baba."

"Jicho lako limekwenda kwa salamu yangu," alisema mzee. "Nitakukatalia kwa mdomo gani?"

Akaja. Alisimama upande wa kushoto, ule ambao Theodora haoni tena, lakini alimsikia akikohoa kikohozi cha mzee anayejulisha kwamba amefika. Theodora akarusha mpira. Witness akaugusa. Akarusha wa pili, wa tatu. Magoti yalimwasha. Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la alizeti kichwani alisimama barabarani, akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Si mkwe wake yule? Hata shikamoo?" Walimu waliokuwa barazani wakacheka kidogo. Theodora akang'ata meno, akarusha wa nne, wa tano, wa sita.

Wa saba Witness aliupiga. Wavu ulivimba mbele ya uso wa Theodora, kisha mpira ukaanguka mchangani. Wa nane, vilevile. Wa tisa ulitikisa fremu nzima. Nyuma ya wavu mwalimu alikuwa akilia kwa furaha, anarusha huku machozi yanamtoka, hataki kuyafuta mpira usije ukachelewa.

Ndoo ya mipira ilipokuwa tupu alitoka, akageukia kushoto, akapiga goti kabla hata hajatazama.

"Shikamoo, baba."

Akageuza kichwa chote. Mzee hakuwepo, wala baiskeli.

"Babu ameondoka zamani, mwalimu," alisema Witness, anahema, uso unang'aa. "Yule mama aliposema vile. Nilimwona anaondoka, na wewe hukutoka kumfuata. Ndipo nikaamini."

Theodora alimshika bega, akamwambia vizuri sana. Hakumwambia kwamba hakumwona akiondoka. Angemwona, angemkimbilia, mipira au pasipo mipira.

Witness alichaguliwa kule Dodoma. Theodora alibeba habari hiyo mpaka Sepuka, akaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani na mlango umefungwa. Akapiga goti pale nje, kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," sauti ilijibu kutoka ndani.

Alingoja mlango ufunguliwe. Alingoja mpaka jua likamfikia mgongoni, kisha akainuka, akakung'uta magoti, akashika njia ya Ihanja.