Mkebe wa Kukanyaga

Mwezi wa sita mwaka 2003, kwenye barabara ya Soroti, waasi walilipiga risasi lori la mume wangu. Alikufa pale pale. Mdogo wangu, aliyekuwa utingo wake, alirudi Jinja bila vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vilibaki gumba na kidole cha mwisho.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa cha gemu. Mdogo wangu ndiye aliyekianzisha, na siku zisizokuwa na safari vijana wa mtaa walikuja kucheza naye mpira wa kwenye televisheni. Hakuna aliyewahi kumshinda. Sasa alishinda kitandani akiutazama ukuta. Vijana nao walihamia duka lingine, lililoleta mashine mpya. Padi za mashine hizo, vile vidude vya kushika na kubonyeza, hutetemeka mkononi mchezaji wako akichezewa rafu. Walipita dirishani kwetu wakisema mashine yetu ni ya mababu. Aliwasikia, hakugeuka. Mimi nilificha kamba na dawa ya panya, nikawa nalala mlangoni pake.

Nilipotoka eda, nilipeleka padi moja Mbale kwa fundi wa redio. Aliniuliza mdogo wangu anashindwa wapi hasa. Nikamwambia gumba linafika kwenye vitufe vya juu, ila vile viwili vya mbele, vya kukimbia na kupiga pasi ndefu, hufinywa kwa kidole cha shahada, naye hana. Fundi akaving'oa, akaviunga kwa nyaya ndefu, akavifunga juu ya mfuniko wa mkebe wa maziwa ya unga, ili vikanyagwe kwa mguu. Ndani ya mkebe akajaza mchanga usisogee sakafuni.

Nikirudi kwa teksi ya abiria, njiani pale Busiu palikuwa na kizuizi cha jeshi. Askari alifungua mfuko wangu, akaona mkebe mzito wenye nyaya, akarudi nyuma. Abiria wote wakakimbilia migombani. Nikabaki mimi na askari wawili.

"Hii kitu ni nini, mama?"

"Ya gemu, afande."

"Gemu gani ya mkebe?"

Nilimweleza habari ya vidole. Wakaniuliza jina la baba yangu. Nilipolitaja walitazamana. Ni jina la watu wetu, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, na tangu ianguke serikali ya kijeshi ambayo wengi wetu waliitumikia, halijatusaidia kizuizini. Wakaniamuru niuweke mkebe katikati ya barabara, wao wakajificha nyuma ya teksi.

"Kanyaga wewe," mmoja akasema.

Nilijua ni mchanga. Nilimwona fundi akiutia. Lakini kwa jinsi walivyouogopa, nami nikaanza kuuogopa, na mkojo ukanitoka. Nikakanyaga kitufe cha kwanza. Nikakanyaga cha pili. Hakuna kilichotokea.

Askari kijana akaja, akaishika padi, akaigeuzageuza. Akaniuliza kama ni ya ile mashine mpya, maana alipokuwa kambini Kimaka aliicheza.

"Ya zamani, afande."

"Ndiyo maana haitetemeki," akamwambia mwenzake. "Anatetemeka mama."

Walicheka, wakaniruhusu nipite.

Nyumbani sikumwambia mdogo wangu yaliyonipata. Niliweka mkebe miguuni pake, nikawasha mashine. Alishika padi, akaweka mguu. Mashine ikamfunga mabao manne. Nilimtazama uso, nikaogopa kuliko nilivyoogopa Busiu. Akavua soksi, akajaribu tena, akafungwa tena.

"Dada," akasema, "huyu fundi wako ameviweka kinyume. Lete bisibisi."

Nikamletea. Akaanza kufungua skrubu kwa mkono wa kushoto. Mkebe ukateleza, mchanga ukamwagika mkekani. Akaniambia niushike vizuri. Nikaushika.