Ukuta Unaopakwa Kila Mwaka

Habari za kifo chake nililetewa na dereva wa lori la pamba. Alishuka mbele ya ghala letu hapa Shinyanga, akaniamkia shikamoo, kisha akavua kofia kabla ya kusema neno la pili. Rafiki yangu dresa alikuwa ameshazikwa Geita siku tatu nyuma. Nilirudi kwenye mizani, nikapima pamba hadi jioni. Ninyi wasomaji mtamkumbuka kwa ukurasa wake wa elimu ya nafsi katika gazeti hili. Mimi namkumbuka kwa swali moja ambalo sikulijibu.

Ajira yake ya udresa ilikuwa kufunga vidonda vya wachimbaji wa dhahabu. Lakini aliwahi kuwa mkalimani wa wataalamu waliokuja kuchunguza akili za watu, nao wakamwachia vitabu vizito. Akajipa kazi ya kuvieleza kwa Kiswahili cha kila mtu, na alikuwa na desturi moja: hakupeleka makala kwa mhariri kabla ya kumsomea mtu asiyejua kusoma, kisha kumwambia, "Nirudishie." Nilikuwa kwake siku aliposoma kwamba kumbukumbu ni kama kabati la faili. Bibi jirani yake, aliyekuwa akipaka ukuta wake udongo na samadi, akaangua kicheko. "Kabati? Hapa mwenye kabati ni karani wa bwana shauri kule bomani. Sisi wengine hatukumbuki, ng'wanawane?" Alimwita hivyo, yaani "mwanangu" kwa Kisukuma, ingawa dresa alikuwa na mvi. Dresa akafuta, akaeleza upya: mtu akikumbuka jambo halitoi kama lilivyowekwa, hulitengeneza tena, na kila mara hutia kidogo chake. Bibi akaupiga ukuta kofi. "Sasa ulikuwa unaficha nini? Ni huu! Kila mwaka mvua inaula, kila mwaka naupaka. Udongo wa leo si ule wa mama mkwe wangu, ila nyumba ni yake." Makala ikatoka na ukuta ndani yake.

Niliisoma nikakosa amani. Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la nne, nikalea wadogo zangu watatu, kwa sababu mama, siku ya kufa kwake, aliniambia kitandani, "Wasitawanyike." Neno hilo liliniamsha kila alfajiri. Mwezi uleule mdogo wangu wa kike alinitembelea, nikalitaja, naye akanitazama kwa huruma. "Kaka, mama hakusema kitu. Siku ile nzima hakuweza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlowesha midomo."

Nikapanda lori hadi Geita kumwuliza dresa kama nimeishi kwa uongo. Hakufungua kitabu.

"Wadogo zako walitawanyika?"

"Hapana. Wamekulia nyumba moja."

"Wataalamu hawajui mama yako alisema nini. Wanajua tu kwamba mtu anaweza kukumbuka kwa moyo safi neno ambalo hakuambiwa. Huo si uongo. Sasa, kama mama hakusema, nani alisema? Nirudishie."

Alingoja sana jibu langu, wala hakunisaidia. Mwishowe akasema, "Basi, siku nyingine." Siku nyingine haikufika. Kulikuwa na msimu wa pamba, halafu msimu mwingine.

Tangu vita vya dunia viishe wamekuja wajuzi wengi: wa ng'ombe, wa mbegu, wa udongo. Wanatuhutubia, tunapiga makofi, wanaondoka, nasi tunabaki tukiulizana walichosema. Dresa alijua kwamba kazi ya mwenye kueleza haiishi anapofunga kinywa. Huisha pale aliyeelezwa anapofungua chake.

Wadogo zangu wameoa na kuolewa. Nyumbani nimebaki na viti vinne. Nilipodhani nimemaliza safu hii sikuwa na wa kumsomea, nikamwita mchukuzi wetu wa magunia, mzee asiyejua herufi hata moja. Alisikiliza akiwa ameegemea robota la pamba.

"Nirudishie," nikamwambia.

Akajikuna kidevu. "Unasema rafiki yako amekufa. Na kwamba yule aliyesema watoto wasitawanyike ni wewe mwenyewe, ukaona neno ni zito mno kwa kijana, ukampa mama alibebe." Akaliacha robota, akasimama wima. "Ndivyo, au nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea. Kisha nikakaa na karatasi yangu, nikitamani kumrudishia dresa jibu la swali lake.