Siku Niliyooga Baba Akiwa Njiani

Nilipokuwa mtoto pale Gitega, hata meno ya mbele hayajarudi yote, tayari nilikuwa na kazi ya kudumu: kuzuia mvua. Msicheke. Watoto wengine walichunga mbuzi, wengine walichota maji. Mimi nilikabidhiwa mawingu.

Kazi hiyo sikuiomba, nilizaliwa nayo. Kabla yangu Mama alikuwa amejifungua mapacha, Bukuru na Butoyi, na kwetu Burundi anayewafuata mapacha huitwa Ciza, apende asipende. Chuoni kwa Maalimu, nilikosoma Kurani, nilikuwa Zainabu. Nikivuka mlango wa kwetu tu nilikuwa Ciza. Na Bibi, mama yake Baba, alikuwa na imani aliyoachiwa na wazee wake kwamba mtoto wa nyuma ya mapacha ana amri juu ya mvua: akiifunga, inafungika. Majirani wengine waliamini, wengine hawakuamini. Bibi aliamini kwa niaba ya wote.

Baba alikuwa shoferi wa lori, kamyo kama tunavyosema kwetu. Kamyo ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mjini, lakini Baba aliipenda kuliko mwenye mali. Alipakia maharagwe ya wakulima wa Bugendana, akayapeleka Muyinga, akasogea mpaka Kobero mpakani, akarudi na chumvi na sabuni. Barabara ya kupitia Karuzi wakati huo haikuwa na lami. Ilikuwa udongo mwekundu juu ya vilima visivyokwisha, na udongo ule ukinyeshewa unateleza kama mlenda. Kila msimu wa mvua tulisikia kamyo ya fulani imelala bondeni, na fulani mwenyewe amelazwa hospitali, au hakuwahi kufika hospitali.

Kwa hiyo kila Baba aliposafiri, Bibi aliniamsha alfajiri. Nilichuma jani refu la nyasi, nikalipiga fundo, nikalisukuma chini ya figa moja la jikoni, nikasema maneno niliyofundishwa: "Mvua, kaa huko uliko. Mtu wetu iko njiani." Baba alisubiri mlangoni mpaka nimalize, kofia mkononi, mtu mzima na ndevu zake.

"Imefungwa, Ciza?"

"Imefungwa, Papa."

"Bon. Basi mi naenda."

Sharti lilikuwa moja. Tangu fundo lifungwe hadi Baba arudi, maji yasiniguse mwilini. Mikono sawa, mdomo sawa, kwingine hapana. Nionyesheni kazi nyingine inayomkataza mtoto kuoga! Nilijiona mwenye bahati kuliko watoto wote wa mtaa, angalau siku ya kwanza. Maalimu hakuambiwa. Nikifika chuoni nilijifanya nimetawadha nyumbani, na Mungu, aliyekuwa akiona vizuri tu, nadhani alinyamaza kwa heshima ya Bibi.

Safari ninayotaka kuisimulia, Baba alichelewa. Karatasi za mzigo zilikwama Kobero, na siku mbili zikawa nne. Nilikuwa na miaka minane. Siku ya nne pale chuoni wenzangu walianza kusogea, mmoja mmoja, mpaka nikabaki na nusu ya mkeka peke yangu.

"Zainabu," akasema Mwajuma, binti wa fundi cherehani, "we uko na mbuzi ndani ya nguo?"

"Si mbuzi, hilo ni beberu," akajibu mwingine. "Sogea huko, mi nataka kupumua."

Mimi tangu zamani ni mtu wa vituko. Nikalia kama beberu, meee, mpaka Maalimu akanitafuta kwa fimbo. Wote wakacheka, Mwajuma akacheka mpaka machozi. Halafu wakasogea tena kidogo.

Nilirudi nyumbani saa nane mchana. Mama alikuwa sokoni na mapacha, Bibi amelala. Nikachukua beseni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaoga. Niliogea sabuni ile aliyoileta Baba mwenyewe, nikajisugua shingo, mgongo, kisigino, nikaosha nywele mara mbili. Sijawahi kuoga vizuri kama siku ile, na nimekwisha kulala katika hoteli zenye maji ya moto.

Nywele zilikuwa bado hazijakauka wingu lilipotokea upande wa Karuzi. Jeusi, limeshuka chini. Saa tisa mvua ilikuwa juu ya bati letu, inapiga mpaka husikii sauti yako. Nikakimbilia jikoni. Nikalichomoa jani, nikaongeza fundo la pili, la tatu, nikalirudisha, nikasema yale maneno mpaka ulimi ukachoka. Kisha nikapata akili ya mtoto: nijichafue upya. Nikatoka nje nijipake vumbi, lakini vumbi lote lilikuwa limekwisha kuwa tope. Bibi alipoamka alinikuta nimesimama uani katikati ya mvua, tope hadi masikioni, nalia. Akadhani naogopa radi.

Jioni, jua bado halijazama, akaja Rajabu, shoferi mwenzake Baba. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Mama, mtoto wako mzima," akamwambia Bibi. "Mkono tu umevunjika. Kamyo imepanda mlima, udongo ukakataa, ikarudi nyuma yenyewe mpaka bondeni." Akakamua kofia yake, maji yakatiririka sakafuni. "Lakini iko mtu alikuwa ameshika nyuma. Mtu wa ndizi. Huyo ameenda."

Aliyewahi kupita vilima vyetu anawajua watu wa ndizi. Baiskeli imebeba mikungu mitano, sita. Kushuka wanashuka kama risasi. Kupanda haiwezekani, basi hushika nyuma ya kamyo kwa mkono mmoja na kuvutwa taratibu mpaka juu. Shoferi mara nyingi hata hajui kama yuko nao. Kamyo ikiteleza kurudi nyuma, hao ndio wa kwanza kukutana nayo.

Kesho yake nyumba ilijaa. Baba alikaa katikati, mkono umefungwa, watu wanamshika bega na kumshukuru Mungu. Mama alipika wali kwa nyama. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, sina njaa, nikamwona Bibi anainama, anatoa jani langu chini ya figa na kulitia motoni. Kisha akanitazama. Akatazama nywele zangu, ambazo mtu yeyote angeona zimeoshwa kwa sabuni, si kwa mvua peke yake. Nikasubiri kofi. Nililihitaji kofi lile kuliko chakula. Bibi akapita na sufuria yake, akaenda kuwapakulia wageni. Amekufa miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kulisema.

Baba hakushika tena usukani. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo, na watu wakasema ndiyo sababu. Alifungua kibanda karibu na soko, akawa fundi wa baiskeli. Freni, breki kama wasemavyo wengine, ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Mtu akileta baiskeli ya kuzibwa pancha, Baba alimtengenezea na freni hata kama hakuomba. Mimi hakuniita tena jikoni alfajiri. Hakunigombeza, hakunipiga. Alikuwa tu akinisalimia huku anatazama kitu kingine, mnyororo, spana, mlango. Nikajua kwamba anajua. Nikajua kwamba ameambiwa na Bibi, au na mawingu yenyewe, kuwa binti yake alioga na mtu akafa.

Mtoto wa miaka minane anabebaje jambo kama hilo? Kwa kelele. Nilikuwa mtoto wa kelele, nikawa mtu mzima wa kelele. Harusi isiyo na mimi huko Gitega watu huiona kama matanga. Nimecheza na watu, nimewaangusha kwa vicheko mpaka wameniomba niwahurumie. Lakini mvua ikianza kunyesha, hata niwe mbele ya watu mia, ninabaki peke yangu. Nanusa sabuni ile.

Msimu uliopita nilikwenda Muyinga kumwona Baba. Siku hizi anaishi huko kwa dada yangu Butoyi, mzee wa fimbo. Siku hizi pia Gitega ndiyo mji mkuu, na barabara ya Karuzi ina lami, lami safi, na lami hiyo ndiyo inayotudanganya. Mvua ya kwanza ikichanganyika na mafuta na tope la magurudumu, inateleza kuliko ule udongo wetu, tofauti ni kwamba sasa mtu anateleza akiwa na kasi. Basi letu lilikuwa limepata mafuta baada ya foleni ya siku mbili, na dereva alitaka kuzilipa siku zote mbili kwa saa moja. Mvua ikaja, ukungu ukashuka, kasi yake ileile.

"Kijana," nikamwambia, "punguza."

"Mama, usiogope. Mungu iko."

"Iko, ndiyo. Lakini freni iko upande wako."

Watu wakacheka, naye akapunguza kidogo, kwa aibu. Mbele yetu, kwenye kona, tukakuta kamyo imelala ubavu, watu wamesimama na majani ya ndizi vichwani. Dereva akaenda taratibu hadi Muyinga.

Baba alikuwa amesimama barazani, amelowa upande mmoja. Butoyi aliniambia alisimama hapo tangu mvua ilipoanza, amekataa kiti. Kisha Butoyi akaenda sokoni, tukabaki wawili. Sijui nilisukumwa na ile kamyo ya kwenye kona, au ule upande wa shati lake uliolowa. Nikasema.

"Papa, siku ile ya ajali, mi nilioga."

"Ulifanya nini?"

"Nilioga. We ulikuwa hujafika. Wenzangu chuoni walinicheka, nanuka, nikaoga. Ndio mvua ikaja."

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kwa hasira pia.

"Saa ngapi?"

"Saa nane. Nimetoka chuo."

Akatazama ule mkono wake uliopinda. "Sisi tulianguka adhuhuri haijafika. Saa nane yule mtu tulikuwa tumeshamfunika na majani."

Miaka arobaini na kitu! Nilingoja uzito ushuke mabegani kama wanavyosema watu. Ulikuwa unaanza kushuka kweli, nikafungua mdomo niseme la kuchekesha. Baba akainua kidole.

"Ngoja, Ciza. We umesema yako. Mi sijasema yangu."

Akayasema akitazama uani. "Chini ya ule mlima kamyo tatu zilikuwa zimesimama, zinangoja udongo ukauke. Rajabu akaniambia, kaka, acha, usipande. Pine zangu za magurudumu zilikuwa zimeisha, nilijua zimeisha. Nikamjibu, nyinyi ngojeni, mi iko mtoto Gitega amenifungia. Hii mvua si yangu, itapita. Na yule wa ndizi alikuwa amejikinga pale kwenye kibanda. Aliogopa. Akaniuliza, unapanda kweli? Mi ndio nilimwambia: shika nyuma, twende, leo mvua haitufanyi kitu. Akacheka. Akashika."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza."

Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye bati.

"Kwa nini hukuniambia, Papa?"

"Nikuambie nini? Kwamba niliamini fundo la mtoto kuliko macho yangu? Ungelibeba we. Nikaona bora nisikutazame, usije ukaliona usoni kwangu."

Butoyi aliporudi na kapu lake alitukuta tumekaa kimya. "Eh! Leo Ciza anaumwa?"

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu, maana si jambo la kusimulia harusini. Bibi simlaumu. Hakuwa na uwezo wa kununua pine wala wa kusawazisha mlima. Alikuwa na nyasi na mjukuu, akatumia alivyo navyo. Tulitaka Baba asafiri bila hofu, na tulifaulu. Ile hofu tuliyomwondolea ndiyo ingemsimamisha chini ya mlima pamoja na wenzake, na mtu mmoja mwenye mikungu ya ndizi angefika kwake amechelewa, akagombezwa na mkewe, basi. Saa ya kuoga kwangu imenisafisha. Lakini Baba alipanda ule mlima kwa jina langu, na hilo halina sabuni. Niliporudi nalo chumbani usiku niliona lina uzito uleule wa zamani, isipokuwa sasa najua kuna mzee upande wa pili wa ukuta anaushika pia.

Asubuhi yake mvua ikarudi. Basi langu lilikuwa la saa nne na nusu. Baba akatoa viti viwili, akaviweka barazani, akaketi kimoja. Hakuniambia nikae, wala mimi sikumuuliza kama anadhani itaacha. Tulikaa tukiangalia maji yanavyoshuka barabarani. Mara moja alinigeukia akanitazama usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia picha ya ndugu aliyepotea.

Mvua iliacha saa nne. Mimi niliondoka na basi la saa nane.